Bantu Gani?

Jumamosi moja jioni, kwenye nganda moja, yaani baa, ya mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, kijana alikuwa anapiga gitaa pembeni ya kreti za bia. Alikuwa na spika moja, waya wake umefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na maikrofoni iliyopiga yowe kila alipoisogelea. Jirani yangu mezani akatikisa kichwa kwa huruma: "Anaimbaka muzuri, lakini bantu habamuyue," yaani watu hawamjui. Mzee mmoja aliyeegemea ukuta, chupa ya Simba mkononi, akauliza bila kugeuka: "Bantu gani?"

Hakuna aliyemjibu. Wala mzee hakusubiri jibu, aliendelea na bia yake. Ila mimi swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu nimesoma na kusikia maisha ya wanamuziki wengi wakubwa, na karibu yote yanaanza kwa sentensi ileile: zamani hakuna aliyemjua. Halafu inafuata njaa, viatu vilivyotoboka, nyimbo zilizokataliwa, na siku moja mtu anapita, anasikia, anamtoa gizani. Tunaipenda hadithi hiyo kwa kuwa inatupa matumaini. Lakini neno "hajulikani" limebeba mambo mengi kwa mpigo. Kuna asiyejulikana nje ya mtaa wake. Kuna ambaye sauti yake haijawahi kurekodiwa. Kuna anayesikika kila usiku bila jina lake kutajwa. Na kuna anayejulikana sana, ila feza haimfikii. Ukiwaweka wote kapu moja, huwezi kueleza ni nini hasa kilichowatoa walikokuwa.

Tuanze na wa nyumbani. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa mfalme M'siri na watu wake, Bayeke. Mwaka 1952 alikuwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Huko ndiko Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi za kusini na katikati ya Afrika akirekodi muziki, alipomkuta akipiga gitaa barabarani. Wimbo wake "Masanga" ukatolewa kwenye santuri na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na jina la Mwenda likavuka mipaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaivuka. Vitabu vingi vinasema Tracey "alimgundua". Mzee wa Kamalondo angeuliza: aligunduliwa na nani, wakati barabara nzima ilikuwa inamsikiliza?

Barabara yenyewe haikuwa ya hivihivi. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa. Shaba ilihitaji mikono, na mikono ikatoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni waliletwa wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mawazo, ikawaacha wafanyakazi wakae na wake zao na watoto kambini, maana kuleta watu wapya kila mara kulikuwa na gharama na vifo vingi. Pakawa na miji ya watu wenye mshahara, wenye jioni zao, na waliotoka kwenye lugha kumi tofauti. Walichokuwa nacho pamoja ni Kiswahili cha kazini.

Mahali kama hapo gitaa lina nafasi yake. Ni jepesi, linabebeka, halihitaji kundi. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, dole gumba likishika nyuzi za chini na kidole cha shahada kikicheza juu, kiasi kwamba asiyemwona alidhani ni watu wawili. Watafiti wa muziki wamekaa miaka wakiandika noti zake moja baada ya nyingine ili waelewe alifanyaje. Mimi nina dhana rahisi zaidi: mtu anayepiga barabarani peke yake lazima atoshe. Hana mpiga besi wa kumgawia zile sarafu chache.

Na kwa kuwa aliimba Kiswahili, wimbo wa Jadotville haukuhitaji mkalimani Kipushi wala Kolwezi, na baadaye haukumhitaji Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda na binamu yake Edouard Masengo walikuwa wakisikika Kenya, hadi kampuni za biashara zikawatumia kwenye matangazo: Mwenda kwa dawa ya Aspro, Masengo kwa Coca-Cola. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa na kazi nyingine za kumlisha.

Kwa hiyo Tracey hakuleta wasikilizaji. Alileta mashine, na njia ya kuifikisha sauti kiwandani. Hicho ndicho kilichokosekana Jadotville. Wala tusisahau kwamba mashine ile ilisimama mtaa mmoja. Kama mtaa wa pili alikuwepo mwenye vidole vyepesi kuliko vya Mwenda, sisi hatuna la kusema juu yake. Kila tunapohesabu waliofaulu baada ya kuhangaika, tunahesabu wale tu ambao gari la kurekodi lilipita kwao, na hapo ndipo wengi wanateleza wakidhani mahangaiko yenyewe ndiyo yaliyozaa sifa.

Sasa twende Kinshasa, ilipokuwa inaitwa Léopoldville. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alifiwa na baba yake akiwa mtoto. Mama yake alikuwa akikaanga na kuuza mikate sokoni Ngiri-Ngiri. Wasomaji wa Dar na Mombasa wangeiita maandazi. Mtoto akajitengenezea gitaa la kopo na waya, akawa analipiga kando ya beseni la mama yake ili wateja wasimame. Hadithi hii husimuliwa kama picha ya umaskini. Mimi naiona kama shule, na tena shule kali. Mtu anayepita sokoni hakuja kusikiliza muziki. Amekuja kununua chumvi, anawahi kurudi, ana mtoto mgongoni. Ukimsimamisha huyo, umefanya kazi. Usipomsimamisha, mikate inapoa na mama anakutazama.

Mfano wa pili nao una mama. Papa Wemba alizaliwa Lubefu, Kasai, mwaka 1949. Mama yake alikuwa mwombolezaji, yule mwanamke anayeitwa kwenye kilio ili alie na kuimba sifa za marehemu, na mtoto alikuwa anafuatana naye. Sisi wa Lubumbashi tunajua kilio ni nini: watu wanakesha, wanaimba hadi asubuhi, wengine wanasinzia kwenye viti vya kukodi. Anayeongoza nyimbo hapo hapewi makofi. Anapimwa kwa jambo moja, kama sauti yake imewafanya waliochoka waendelee. Wemba aliendelea na sauti ile ya juu hadi bendi ya Zaiko Langa Langa mwaka 1969, hadi bendi yake Viva la Musica, hadi jukwaa la Abidjan alikoangukia na kufariki Aprili 2016.

Ukiziweka pamoja barabara ya Jadotville, soko la Ngiri-Ngiri na kilio cha usiku, utaona kinachofanana, na kwangu hicho ndicho kiini cha jambo lote. Mwanamuziki mwenye jina huwapigia watu waliomjia yeye. Wamelipa, wamevaa, wanazijua nyimbo. Asiye na jina huwapigia watu waliojia kitu kingine: mkate, maiti, bia, usafiri. Ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza haikufundishi ya pili. Wakubwa wengi walipokwisha kuwa wakubwa walikuwa na hiyo ya pili mwilini tayari, ndiyo maana hata uwanja ukijaa kelele wanajua namna ya kuurudisha.

Wazungu nao wana soko lao la Ngiri-Ngiri. Agosti 1960 vijana watano wa Liverpool, mji wa bandari, walipelekwa Hamburg, bandari nyingine, kupiga muziki kwenye baa za mtaa wa malaya. Waliitwa Beatles na hakuna aliyewajali. Walianzia klabu ya Indra, kisha Kaiserkeller, wakipiga saa nne na nusu siku za kazi na saa sita wikiendi. Walilala chumba cha nyuma cha sinema, karibu na choo. Wateja wao walikuwa mabaharia waliojia pombe na wanawake, na mwenye baa aliwapigia kelele kwa Kijerumani wafanye vituko, wasisimame kama miti. George Harrison alikuwa na miaka 17, akarudishwa kwao kwa kuwa umri wake haukumruhusu kufanya kazi usiku. Walipopiga Liverpool mwishoni mwa Desemba, tangazo lilisema wametoka Hamburg, na baadhi ya watu wakadhani ni Wajerumani wanaojua Kiingereza vizuri. Mwanzoni mwa 1962 kampuni ya Decca iliwasikiliza ikawakataa.

Watu hupenda kusema saa zile nyingi ndizo zilizowatengeneza. Ni kweli nusu. Mtu akijifungia chumbani saa sita kila siku naye atakuwa na saa nyingi, lakini hatajua kwa nini wimbo wa tatu unamfanya baharia aweke glasi chini. Jambo lingine ambalo halisemwi sana: wale vijana walikuwa wanalipwa. Kidogo, lakini kila wiki. Kuna mtu mwenye biashara yake, ambaye muziki kwake ni kama taa za mlangoni, aliyegharamia mafunzo yao bila kujua wala kukusudia.

Hapa kwetu mtu huyo amekuwa na sura nyingi. Zile studio za Kinshasa za miaka ya 1950, Ngoma, Opika, Loningisa, nyingi zilikuwa za wafanyabiashara Wagiriki, na magitaa na ngoma vilikuwa mali ya studio. Franco alirekodi Loningisa mwaka 1953, akiwa na miaka 15. Ukiondoka studio, unaacha gitaa. Mambo hayo hayakuishia Kinshasa. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Wengi wanaocheza nyimbo zake hadi leo hawajui kwamba Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Remmy alikuwa na sauti, mashairi, na mashabiki wa Dar nzima, lakini bendi ilibeba jina la mwenye spika.

Tunafika kwa wale wanaoonekana bila kusikika. Tshala Muana alizaliwa papa hapa, Elisabethville, mwaka 1958. Alipokwenda Kinshasa miaka ya 1970 hakupewa maikrofoni. Alikuwa mchezaji katika kundi la mwimbaji M'Pongo Love. Maelfu walimwona, wakamshangilia, na hakuna aliyejua ana sauti gani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kiuno. Alitokaje hapo? Aliondoka nchini. Alikwenda Abidjan, kisha Paris, na huko ndiko alikosimama mbele na mutuashi ya Waluba wa Kasai, ngoma ya nyumbani kwao. Kinshasa ilimpokea mwimbaji ambaye ilikuwa imemjua kama mchezaji. Alipofariki Desemba 2022 aliitwa malkia, na waliomwita hivyo walikuwa pamoja na mji uliomweka nyuma ya mwimbaji mwingine.

Jimi Hendrix alipitia njia hiyohiyo kule Marekani. Mwaka 1964 na 1965 alikuwa mpiga gitaa wa nyuma wa Isley Brothers na wa Little Richard. Alikuwa na kazi, na kumbi zilikuwa zimejaa. Ila ukumbi ulijaa kwa ajili ya mwingine, na mpiga gitaa wa nyuma haruhusiwi kuvaa kuliko mwenye jina. Mwaka 1966 alikuwa anapiga kwenye mkahawa mdogo wa New York, Cafe Wha?, Mwingereza mmoja akamsikia, na Septemba mwaka huohuo wakaenda London. Tazama anavyofanana na Tshala: wote wawili ilibidi wabadilishe nchi ili wabadilishe nafasi jukwaani. Mji uliokuzoea nyuma hukuona nyuma.

Na sasa fundo gumu kuliko yote. Sixto Rodriguez, mwimbaji wa Detroit, alitoa sahani mbili za muziki, mwaka 1970 na 1971. Marekani hazikununuliwa, kampuni ikaachana naye, akarudi kwenye kazi za kubomoa na kukarabati nyumba. Wakati huohuo, Afrika Kusini, nyimbo zake zilikuwa zinapigwa kwenye nyumba za vijana Wazungu waliochoshwa na serikali yao, sahani zinauzwa, na watu wakiamini mwimbaji amekwisha kufa. Hakuna aliyemwambia. Mwaka 1998 alipofika Afrika Kusini alikuta kumbi zimejaa watu wanaoimba maneno yake yote. Huyu alikuwa anajulikana au hajulikani? Sahani anazo, mashabiki anao kwa maelfu, na asubuhi anabeba matofali. Swali la mzee, bantu gani, hapa linakuwa na jibu kamili: bantu wa Cape Town, na feza zao zilipotelea njiani.

Giza linaweza kurudi pia. Wendo Kolosoy alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za mto Kongo kabla ya "Marie-Louise" kumfanya nyota mwaka 1948. Utawala wa Mobutu ulipoanza alinyamaza, akakaa miaka mingi kama hayupo, na alirudi kwenye santuri na majukwaa akiwa mzee, miaka ya 1990. Cesária Évora aliimba kwenye baa za Mindelo, bandari ya Cabo Verde, akaacha kuimba karibu miaka kumi kuanzia 1975, na dunia ikamfahamu alipokaribia na kupita umri wa miaka 50. Tunaposema "siku za mwanzo", tunadhani giza huwa mwanzoni tu.

Rudi basi Lubumbashi ya leo. Mashine ya Tracey iko mfukoni mwa kila kijana wa Katuba na Ruashi. Chumba kimoja, kompyuta, godoro ukutani la kuzuia mwangwi, na umeme ukiwepo, wimbo unatoka usiku huohuo. Kile kilichomzuia mwanamuziki wa Jadotville kimeondoka. Badala yake limekuja tatizo ambalo Mwenda hakulijua: anayepitisha kidole kwenye simu naye hakuja kukusikiliza, ni kama yule mama wa chumvi, lakini humwoni. Huoni ni mstari gani uliomfanya asimame au aondoke. Unaona namba tu. Nimewahi kuongea na vijana wenye nyimbo ishirini ambao hawajawahi kupiga hata usiku mmoja mbele ya walevi. Nawaonea huruma kuliko yule wa Kamalondo.

Feza nazo zina njia yake ya zamani, mabanga. Msomaji wa mbali anayesikia muziki wa Kongo na kujiuliza kwa nini mwimbaji anakatiza mapenzi ili ataje jina la mfanyabiashara wa magari, jibu ni hilo. Kutupa libanga, kutupa jiwe, ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, naye analipa. Wakubwa wanalipwa dola kwa jina lililorekodiwa. Mdogo wa nganda anafanya hivyohivyo kwa noti za faranga: anakuuliza jina lako kabla hajaanza, analiingiza kwenye kiitikio, nawe unainuka kumbandikia noti kwenye paji la uso. Wengine wanauona kama uombaomba. Mimi naona ni hesabu safi sana: asiye na jina anauza majina ya wengine.

Yule kijana alikuwa ametaja majina ya karibu meza zote usiku ule, isipokuwa ya yule mzee, ambaye alikuwa amemkatalia kwa mkono. Kama saa tatu umeme ukakatika. Spika ikanyamaza, feni zikasimama, mtu akawasha tochi ya simu na kuiegemeza kwenye chupa. Nilidhani kijana atafunga gitaa lake. Akavuta kreti, akaja kukaa katikati ya meza, akaanza wimbo wa taratibu bila maikrofoni, na ikabidi watu wapunguze sauti ili wamsikie. Hata waliokuwa wanabishana juu ya mpira walishusha sauti.

Jirani yangu, yuleyule wa "habamuyue", akamwinamia mama anayeleta bia akamwuliza kijana anaitwa nani. Mama akamtajia jina. Akamtajia na avenue anayokaa, na jina la mama yake, na kwamba Jumapili anaimba misa ya kwanza, na kwamba dada yake mkubwa ameolewa Kipushi. Kisha akauliza kama tunaongeza bia.